Dresa, Mkwe na Uyoga wa Vidonda

Katika Makambako yote ya mwaka 1955 hapakuwa na mtu aliyejua mambo kama Enoki Mwalongo, dresa wa zahanati, yaani mfunga vidonda, na kama ulikuwa hulijui hilo, yeye mwenyewe angekueleza kabla hujamaliza kumwamkia. Alivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe, soksi ndefu za kufika magotini, na mfukoni alichomeka kalamu mbili, moja ya kuandikia na nyingine ya kuonwa. Madereva wa malori ya Iringa, Mbeya na Songea waliosimama pale njia panda walimwita Daktari, naye hakuwasahihisha. Lilikuwapo neno moja ambalo hakuna aliyewahi kulisikia likitoka kinywani mwake, iwe kwa Kiingereza, Kiswahili au Kibena. Neno hilo ni "sijui".

Kasoro ilikuwa moja tu, na ilikaa nyumbani kwake mwenyewe. Mkewe, Emilia, alikuwa amejikata muundi kwa jembe wakati wa kupanda mahindi, na jeraha dogo la kucheka nalo likageuka kidonda ndugu. Enoki alilipaka dawa ya zambarau. Akalinyunyizia unga mweupe wa hospitali. Akamchoma Emilia sindano za penisilini, zote zilizoletwa mwezi ule, mpaka mama wa watu akawa hawezi kukalia kigoda. Kidonda kikala dawa zote za serikali na kuongezeka upana. Daktari wa Kizungu kule Njombe alikitazama, akakinusa kwa mbali, kisha akataja siku: Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba. Kikiwa bado hivi hivi, mguu unakatwa chini ya goti.

Emilia hakulia mbele ya daktari. Alilia njiani, ndani ya lori, amejifunika khanga, akimuuliza mumewe atalimaje kwa mguu mmoja. Enoki akamwambia asiwe na wasiwasi, sayansi ipo. Moyoni aliogopa sana, na hofu hiyo ndiyo iliyomfanya aseme kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Haikuwa kwamba hapakuwa na dawa nyingine. Mama yake Emilia, Bibi Hulda, aliyekaa kijiji kimoja karibu na Njombe, ng'ambo ya mto Ruhuji, alisifika kwa dawa ya vidonda iliyotokana na uyoga, ule mgumu unaoota kwenye visiki vya miti ya porini. Mwezi wa tatu alituma pakiti nzima kwa mkono wa dereva, imefungwa vizuri kwa jani la mgomba na kamba. Enoki aliipokea kwa vidole viwili. Hakuifungua. Aliibeba moja kwa moja hadi chooni, akaitumbukiza, akarudi akinawa mikono kwa sabuni ya karboliki.

"Mimi ni mtu wa serikali," akamwambia mkewe. "Siwezi kukupaka ukungu."

"Ni mama yangu, Baba Lukas. Si mchawi."

"Sikusema mchawi. Nimesema ukungu."

Basi mambo yakabaki hivyo, mpaka alipofika Bwana Chupa.

Jina lake la kweli lilikuwa refu na gumu, na hakuna aliyeona sababu ya kuhangaika nalo, maana alishuka kwenye gari na makreti manne ya chupa tupu na pipa la spiriti. Alikuwa mtaalamu kutoka Ulaya. Kazi yake ilikuwa kuchuma majani, mizizi na uyoga wa watu, kuviloweka katika spiriti mpaka nguvu yake itoke, kisha kupeleka maji yale London yakapimwe, ijulikane kipi ni dawa na kipi ni chakula. Alikuja na barua ya Boma iliyoamuru kwamba dresa Mwalongo, kwa kuwa Kiingereza chake kinasifiwa, awe mkalimani. Na mtaalamu akaongeza kwa mdomo wake kwamba, kazi ikienda vizuri, ataandika barua nzuri Dar es Salaam ili dresa apelekwe kozi. Enoki hakulala sawasawa kwa siku mbili kwa furaha. Tayari alianza kutembea taratibu zaidi, kama mtu aliyekwisha rudi kutoka kozi.

Jioni ya kwanza, wakinywa chai, Bwana Chupa akamwambia kwamba hata penisilini yenyewe inatokana na ukungu, ndugu ya ule unaoota juu ya mkate uliosahaulika. Enoki akacheka kwa adabu. Alijua Wazungu hupenda mizaha, na aliona huu ni mmoja wa ile wasiyoijulia.

Asubuhi yake Bwana Chupa akatoa orodha ya waganga iliyoandikwa na jumbe. Jina la kwanza lilikuwa Hulda.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Bwana Chupa hakuambiwa, kwa sababu mtu pekee wa kumwambia alikuwa Enoki. Kwa watu wa kule, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hamtaji jina, hali chakula pamoja naye, wala hasemi naye moja kwa moja. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Kama kuna neno la lazima, hupitishwa kwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu asipopatikana huambiwa kitu chochote kilicho karibu, naye mhusika husikiliza kana kwamba amesikia kwa bahati tu. Enoki alikuwa ameoa miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo yote hakujua mkwewe ni mrefu au mfupi. Dresa huyu aliyewacheka wazee kwa mila zao aliishika mila hii moja kwa mikono miwili, pengine kwa sababu ilimwepusha na mwanamke aliyekuwa na la kumwambia.

Walipofika kwa Bibi Hulda, jirani ambaye kwa kawaida angepokea maneno, Mama Telesia, alikuwa amekwenda sokoni. Kulikuwa na kinu barazani. Enoki akaketi kwenye gogo, mgongo kwa mlango, uso kwa migomba, akakohoa, kisha akatoa salamu ya Kibena.

"Ewe kinu," akasema. "Kamwene. Huyu mgeni ametoka mbali, anaomba kuona dawa."

"Kamwene, kinu," ikajibu sauti ya mwanamke nyuma yake, sauti iliyojaa na isiyo na haraka. "Mwambie mgeni karibu. Na umwambie kwamba dawa ya vidonda nilimpelekea mwanangu mwezi wa tatu. Nasikia waliougua wakapona ni nzi wa chooni."

Bwana Chupa akauliza mama amesema nini.

"Anasema dawa yake inajulikana mahali pengi," Enoki akatafsiri.

Mtaalamu akaandika. Akaandika pia, maana alikuwa mtu wa makini, kwamba wenyeji huomba dawa kwa kuongea na kinu, na kwamba yaelekea roho ya dawa hukaa humo. Akakipima kinu urefu na upana. Akachora picha yake. Enoki alisikia penseli ikikwaruza, akajua anachofanya, akanyamaza.

Bibi Hulda akatoa nyungo mbili, akazitua mbele ya mgeni. Katika moja kulikuwa na uyoga wa kula, laini, aliouanika kwa ajili ya mboga ya kiangazi. Katika nyingine kulikuwa na vipande vigumu kama soli ya kiatu, vya rangi ya kahawia.

"Kinu, mwambie mgeni atazame mkono wangu," akasema. "Huu hapa ni wa kidonda. Huu hapa ni wa kupika. Hata mzazi aliyejifungua jana tunampa. Na umwambie asiuchezee ule wa kidonda, nimebakiwa na huu tu. Bonde lote wamefyeka wapande miti ya miwati, visiki wamechoma. Nautoa kwa kuwa jumbe ameamuru. Mwingine tutauona mvua zijazo, Mungu akipenda."

Yote hayo Enoki aliyatafsiri vizuri. Lakini wakati mkono wa mama ukionyesha, Bwana Chupa alikuwa ameinama akitoa chupa kwenye kreti. Alipoinuka, akauliza: upi ni wa kidonda, wa kushoto au wa kulia?

Kulikuwa na njia tatu. Enoki angeweza kukiuliza kinu tena, na mama angepata nafasi ya kusema kwamba dresa aliyeletewa dawa hiyo mpaka mlangoni bado haijui sura yake. Angeweza kugeuka. Au angeweza kusema lile neno. Aliitazama migomba. Kama angekuwa ameifungua ile pakiti kabla ya kuitupa, angeweza kumtajia sura ya dawa bila kugeuka.

"Kushoto," akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka.

Ulikuwa wa kulia.

Bwana Chupa akaloweka uyoga wa mboga, akaandika kwenye karatasi ya chupa: NJOMBE NAMBA MOJA, VIDONDA. Vile vipande vigumu akavitia mkebeni na kuandika: NAMBA MBILI, CHAKULA BORA, na vichache akavitupia katika chupa. Karatasi zikajazwa nakala tatu. Enoki akatia sahihi zote, kwa ile kalamu ya kuonwa.

Siku tatu baadaye, wakiwa wamerudi Makambako, kabla ya kuendelea na safari zake za Uwemba na Mawengi, mtaalamu akampa Enoki kichupa cha Namba Moja. Akamwambia akijaribu kwa wagonjwa wenye vidonda na aandike matokeo. Enoki akakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa na kifuniko cha kioo, namba, na maandishi ya Kiingereza. Akakimbia nacho nyumbani.

Emilia akakitazama. "Si ni ule ule uyoga wa mama?"

"Huu umepitia sayansi," mumewe akasema.

Alimpaka asubuhi na jioni, siku kumi na mbili. Spiriti ilimchoma Emilia mpaka akauma ukosi wa gauni. Kidonda kilichimbika zaidi, na juu ya harufu yake ya zamani ikaja harufu mpya, tamu tamu, hata kuku wakaanza kumfuata uani. Siku ya kumi na mbili Emilia akachukua kile kichupa, akakinusa muda mrefu, akatia tone moja kwenye kidole na kulionja. Kisha akaanza kulia, na safari hii hakujifunika.

"Baba Lukas, hii naijua. Nimeila tangu sina meno. Tunaiunga kwa karanga. Umenipaka mboga."

"Imeandikwa vidonda," Enoki akasema.

"Imeandikwa na nani?"

Wakati huo huo alibisha hodi Odilo, mpishi wa Bwana Chupa, anatweta. Bwana alikuwa amerudi tangu juzi katika nyumba ya wageni ya serikali hapo hapo Makambako, akisubiri gari la Iringa. Sasa anaumwa tumbo vibaya, kutwa anakimbilia chooni.

"Anakula nini?" Enoki akauliza.

"Ule uyoga wa Namba Mbili, Dokta. Siku tatu sasa. Nauchemsha kutwa nzima, haulainiki. Nimemwambia, Bwana, hii si mboga, hii ni ngozi, na ni chungu. Ananiambia eti hivyo ndivyo chakula cha asili kilivyo. Anautafuna, anaandika, anatoka mbio."

Enoki alisimama katikati ya chumba na kichupa mkononi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alielewa jambo bila kulieleza mtu.

Alikwenda na dawa ya tumbo na vikombe viwili vya maji yenye chumvi na sukari, akamhudumia mtaalamu, na kusema kweli alimhudumia vizuri. Dresa hakuwa mbaya katika kazi yake alipoacha kuisifu. Bwana Chupa, amelala uso umempauka, akamwonyesha bahasha juu ya meza. Ilikuwa ile barua ya kozi. Ilikwisha pigwa muhuri. Kando yake ulikaa mkebe wa Namba Mbili, na ndani yake vipande kama saba au vinane ambavyo Odilo hakuwahi kuvipika.

Enoki akavitazama vitu vile viwili. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtu asiyesoma. Dawa yote ya Bibi Hulda ya mwaka ule, nusu ilikuwa chooni kwake, nusu nyingine imepita katika tumbo la mtaalamu, na kilichobaki duniani ni hicho. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba ilikuwa bado majuma matano.

"Bwana, naomba huo mkebe," akasema.

"Wa nini? Hiyo ni sampuli ya chakula."

"Nataka... kwa uchunguzi zaidi."

"Andika sababu." Mtaalamu akamsogezea karatasi. Hata akiwa anakufa, Mwingereza hutaka sababu iandikwe.

Enoki akaishika kalamu, akaiweka. Bahasha ilikuwa karibu kabisa na mkono wake, na jina lake limepigwa taipu juu, herufi kubwa. Aliitaka barua ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, isipokuwa kimoja, na kitu hicho kilikuwa nyumbani kimekaa na mguu juu ya kigoda kikifukuza kuku.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Siku ile sikujua upi ni wa kidonda. Sikuona. Nilikuwa nimewapa mgongo. Yule mama ni mkwe wangu, Bwana, simtazami. Nilisema kushoto tu. Unachokula wewe ni dawa, na chakula nimempaka mke wangu, na mke wangu anakatwa mguu."

Bwana Chupa akavuta daftari lake, akalifungua penye picha ya kinu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, habari za kinu. Enoki akamwambia kinu ni kinu, cha kutwangia. Hapo ndipo mtaalamu alipoonekana kuumia kweli kweli.

Hakuwa mtu mbaya. Alisema makreti yalikwisha tangulia Iringa, nakala tatu zimekwisha sainiwa, na kitu kikisha sainiwa nakala tatu hakibadiliki. London wataipima mboga wamwambie kama inaponya. Akampa mkebe, akisema tumbo lake halitaki hata kuuona. Halafu akanyoosha mkono mwingine, akaichukua bahasha, akaiweka chini ya mto. Mkalimani asiyetazama, akasema, hawezi kumpendekeza. Enoki akasema ndiyo, Bwana, akatoka na mkebe kifuani.

Kesho yake alimpakia Emilia kwenye lori la Njombe, na kutoka barabarani akamsukuma kwa baiskeli, amekaa nyuma kwenye keria, mpaka kwa mama yake. Akaketi gogoni, mgongo kwa mlango. Akauweka mkebe chini ya kinu.

"Ewe kinu," akasema, kisha akavua kofia.

Alisikia miguu ikija, mkebe ukifunguliwa, vipande vikihesabiwa.

"Kinu," Bibi Hulda akasema, "huyu wa gogoni mwambie aniachie mwanangu aende zake kazini. Na avue hizo soksi, kuna joto."

Majuma matano Enoki alikwenda kila Jumapili baada ya ibada, akaketi gogoni, akasikiliza nyuma yake uyoga ukikwanguliwa, ukitwangwa, maji yakichemka, Emilia akisema "polepole, mama". Alitamani sana kutazama. Kinu kilimpa habari kidogo kidogo: usaha umekatika, nyama nyekundu imeota, amelala usiku kucha. Jumapili moja hakikusema kitu, akasikia tu mkewe akicheka ndani, akainama akafuta macho kwa kofia ya serikali.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba waliingia hospitalini watatu. Bibi Hulda alikuwa amekataa kubaki. Alitaka kumwona huyo mtu wa kukata miguu. Chumba kilikuwa kidogo, hakina pa kujifichia. Enoki akasimama ameelekea ukutani, pua karibu na picha ya Malkia.

Daktari akafungua kitambaa. Kidonda kilikuwa kimebaki ukubwa wa senti kumi, kikavu, ngozi mpya imekizunguka. Akakibonyeza. Akamtaka Emilia atembee, naye akatembea hadi mlangoni na kurudi, anachechemea kidogo tu. Daktari akaweka kando karatasi ya kibali cha kukata mguu, akavuta nyingine.

"Umefanya kazi nzuri, Mwalongo. Penisilini, bila shaka," akasema, na kalamu ilikwisha andika P.

"Hapana, Bwana."

"Basi nini? Na mbona unaongea na Malkia?"

Enoki akageuka.

Mbele yake alisimama mwanamke mfupi, mfupi kuliko sauti yake, mwenye nyusi za Emilia na kidevu cha Emilia, ameshika mkebe mtupu wa Namba Mbili kwa mikono miwili. Miaka kumi na mmoja alikuwa akimwogopa mtu huyu anayemfika kifuani. Aliona aibu, akaona pia furaha, wala hakuinamisha macho.

"Ameponya huyu," akamwambia daktari. "Mama mkwe wangu."

Daktari akataka kujua dawa ni ipi, na kama inaweza kupatikana nyingine. Enoki akatafsiri. Bibi Hulda akatazama huku na huku akitafuta cha kukiambia. Hapakuwa na kinu, hapakuwa na hata kigoda. Akamwangalia mkwewe kuanzia kofia mpaka miguuni, ambako siku hiyo hapakuwa na soksi.

"Mkwe," akasema, "mwambie imekwisha. Iliyobaki iko Makambako, chooni kwa dresa. Akiihitaji sana, aende akachimbe."

Enoki akamgeukia daktari, akaitafsiri yote, neno kwa neno.